Mota kwenye mpini wa fagio: kuandaa Jumamosi ya umeme kwa watoto wa mtaa, Lubumbashi

Mtoto wa Lubumbashi anakua juu ya shaba. Malori yenye mabamba ya shaba anayaona yakielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, jina la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, analijua kabla hajajua kusoma, na jimbo lenyewe liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Mwulize shaba hiyo huenda kufanya kazi gani huko inakopelekwa, na mara nyingi atanyamaza. Sehemu kubwa yake inageuka waya, na ndani ya waya ndimo umeme unamopita. Jambo hili mtoto hulielewa siku anapokunja waya huo mwenyewe na kitu kikaanza kuzunguka mbele yake.

Hapa tunaeleza asubuhi moja ya watoto 24, wenye miaka 8 hadi 14, meza nne, na vitu vinne vya kutengeneza: betri ya limau, sumaku ya umeme, mota, na simu isiyotumia betri. Kompyuta hatuiweki mezani. Kompyuta moja kati ya watoto 24 ina maana mmoja anabonyeza na 23 wanatazama mgongo wake, tena umeme ukikatika saa tatu asubuhi kazi yote imekwisha. Vitu hivi vinne havihitaji umeme wa ukutani hata kidogo.

Mahali, siku na watu

Chagua kiangazi, majira yasiyo na mvua, kati ya Mei na Septemba, maana utafanyia kazi uwanjani. Uwanja wa parokia, wa shule au parseli (kiwanja cha nyumba) kubwa yenye mwembe unatosha. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi na vidole vya watoto vinakuwa vigumu, kwa hiyo anza saa tatu na nusu, jua likishapanda kidogo. Upepo wa kiangazi hubeba vumbi na kurusha vitu vyepesi: pini, taa ndogo na vipande vya waya viwekwe kwenye visahani au vifuniko vya makopo, visiachwe wazi juu ya meza.

Mjulishe shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) mapema, na wazazi waelezwe kwa maneno na kwa karatasi: watoto watagusa nini, watarudi saa ngapi, na kama picha zitapigwa. Mzazi asiyetaka picha ya mtoto wake asiulizwe sababu.

Kila meza iwe na msaidizi mmoja mwenye miaka 16 au zaidi, na mtu mzima mmoja azunguke kote. Watoto watawaita wasaidizi hao yaya, yaani kaka au dada mkubwa, na yaya ana kanuni moja ambayo ni ngumu kuliko zote: mikono yake ikae mgongoni. Mtoto akikwama, yaya anauliza, "Umeme unaingia wapi, unatokea wapi?" Hamfanyii. Siku mbili kabla, kila yaya atengeneze mota mara tatu. Mara ya kwanza itakataa. Ni vizuri ikatae siku hiyo, ajue kwa nini.

Gawa watoto sita kwa kila meza, dakika 25 kila zamu, dakika 5 za kuhama. Ni saa mbili kamili. Kwenye meza ya mota kila mtoto awe na mota yake. Kwenye meza nyingine wafanye wawili wawili au watatu watatu, na upangilie wewe nani anashika nini, kwa sababu ukiwaachia, wavulana wakubwa watachukua koleo na wasichana watabaki kushika limau.

Waya: wapi upate, na wapi usiguse

Unahitaji waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi, ule unaong'aa kama asali. Vanishi hiyo ndiyo ganda lake, ingawa macho hayaoni ganda. Nenda kwa fundi anayefunga upya mota zilizoungua. Huuza kwa uzito. Waya wa milimita 0.5 kwa gramu 100 unakupa kama mita 55. Wa milimita 0.3 kwa gramu 100 unakupa zaidi ya mita 150. Kwa watoto 24, gramu 100 za kila aina zinatosha na kubaki.

Waya uliotolewa kwenye transfoma iliyoungua unafaa pia, lakini utazame: ukiwa mweusi na vanishi inamenyeka kama ngozi ya kitunguu, mizunguko itagusana na umeme utapita njia ya mkato.

Usiwaambie watoto, "Kila mtu alete waya wa shaba." Katika mji huu shaba ni pesa. Wapo watakaokwenda kuitafuta kwenye nyaya za SNEL, shirika la umeme, au kwenye parseli ya jirani, na mtoto anaweza kufa kwa agizo ulilolitoa kwa nia njema. Vilevile msichome nyaya za plastiki ili kupata shaba ya ndani. Moshi wa plastiki hiyo una tindikali inayounguza mapafu, pamoja na sumu nyingine. Nyaya nene mtu mzima azimenye kwa kisu nyumbani, kabla ya siku yenyewe.

Vingine vya kununua au kuokota: betri kubwa za redio (R20) 18, zikiwa za alkalini ni bora zaidi, taa za LED nyekundu 10, misumari ya kupigilia mabati 20, misumari ya inchi 4 kumi na mbili, pini kubwa za kufungia nguo, zenye sentimita 5 au zaidi, 16, spika kuukuu zisizopungua nane, malimau 20, msasa laini, tyubu moja ya baiskeli iliyochakaa, waya wa nyuzi mbili mita 15, boksi moja la pini ndogo za karani. Spika kuukuu, misumari na tyubu utavipata soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, au kwa mafundi wa redio wa mtaani kwako.

Meza ya limau

Weka malimau manne kwa watoto watatu. Kila limau libingirishwe mezani kwa kiganja mpaka lilainike, maji ya ndani yaachane na nyuzi. Chomeka msumari wa bati upande mmoja na kipande cha waya mnene wa shaba (milimita za mraba 2.5, umemenywa) upande mwingine, vikiachana sentimita 2. Unganisha shaba ya limau la kwanza na msumari wa limau la pili, na kuendelea. Zitabaki ncha mbili: shaba upande mmoja, msumari upande mwingine. Mguu mrefu wa LED uguse shaba, mfupi uguse msumari.

Kila limau linatoa takribani volti 0.9. LED nyekundu inahitaji karibu volti 1.8, kwa hiyo kwa hesabu malimau mawili yangetosha, lakini limau linatoa umeme mdogo mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya ampia, na volti hushuka mara tu unapounganisha taa. Matatu yanawasha kwa shida, manne yanawasha vizuri. Taa nyeupe au ya bluu inataka karibu volti 3, usiilete hapa. Mwanga utakuwa hafifu hata mambo yakienda vizuri: leta boksi la katoni, mtoto aingize taa ndani na kuchungulia. Bila boksi, chini ya jua la Lubumbashi, atasema haiwaki, na macho yake hayamdanganyi.

Isipowaka kabisa, tafuta kwa mfuatano huu. Geuza LED. Angalia kama msumari na shaba vimegusana ndani ya limau. Angalia kama msumari umekwanguliwa rangi yake ya fedha, kwa kuwa kazi inafanywa na zinki iliyopakwa juu ya chuma. Zinki ikiisha, volti zinashuka.

Watoto watasema umeme umo ndani ya limau. Usibishane nao. Wape limau lenye vipande viwili vya shaba, wajaribu: hakuna kitu. Kisha wape kiazi chenye shaba na msumari wa bati: kinafanya kazi. Hapo wenyewe watahamia kwenye metali. Zinki ndiyo inayoliwa polepole, na limau ni njia tu ya kupitia. Malimau yaliyotumika yatupwe, yasiliwe, maana zinki imeyeyukia ndani yake.

Meza ya sumaku ya umeme

Siku moja kabla, chukua misumari ya inchi 4, itumbukize kwenye jiko la makala (makaa) mpaka iwe myekundu, kisha iache ipoe ndani ya majivu usiku kucha. Msumari uliopoa polepole ni laini, na chuma laini husahau usumaku upesi umeme ukikatwa. Msumari usiopitia moto utaendelea kushika pini hata baada ya kukata, na mtoto atakuwa hajaona lililo muhimu, yaani kwamba sumaku hii inawashwa na kuzimwa.

Watoto wawili, msumari mmoja, mita 4 za waya wa milimita 0.3. Mmoja anashika msumari na kuuzungusha, mwingine anauachia waya taratibu, ukiwa umenyooka. Waache sentimita 15 mwanzoni. Mizunguko ipangwe bega kwa bega, na wahesabu kwa sauti. Wakifika 50, wakwangue vanishi mahali hapo na kwenye ncha ya mwanzo, kwa msasa, mpaka shaba ing'ae kama ya waridi. Waguse betri moja ya R20, wahesabu pini zinazonyanyuka. Kisha 100. Kisha 200.

Usiwaahidi kwamba mizunguko mara nne itanyanyua pini mara nne. Waya ukirefuka, unauzuia umeme zaidi, hivyo nguvu inaongezeka lakini kwa kiasi kidogo kuliko hesabu ya mizunguko. Wakigundua tofauti hiyo wao wenyewe kwenye karatasi yao, wapongeze kwa sauti, maana wamepima kitu badala ya kukariri.

Betri isiguswe zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Unapita umeme wa ampia moja hivi, na kwa mizunguko 50 ni mwingi zaidi. Waya unapata moto na betri inaisha. Yaya apige makofi kila muda unapokwisha.

Meza ya mota

Hii ndiyo meza itakayokumbukwa, na ndiyo inayoharibika kwa urahisi zaidi.

Kila mtoto achukue mita 1 ya waya wa milimita 0.5. Auzungushe mara 10 kwenye mpini wa fagio wenye unene wa sentimita 2.5 hivi, akiacha sentimita 5 kila upande. Auvute kutoka kwenye mpini, kisha kila mkia auzungushe mara mbili kuibana mizunguko yote kumi, ili koili, yaani fungu hilo la mizunguko, isifumuke. Mikia miwili itokeze pande mbili zinazotazamana, imenyooka kabisa, kama ekseli ya gurudumu. Ikipinda, koili itaruka badala ya kuzunguka. Aishike kwa vidole vya shahada aizungushe: upande mmoja ukianguka chini kila mara, ni mzito, aupange upya.

Sasa kukwangua. Mkia wa kwanza ukwanguliwe kote, pande zote. Mkia wa pili ukwanguliwe nusu tu, na hapa ndipo wengi hupotea. Koili ishikwe ikiwa imesimama wima kwenye ukingo wa meza, kama sahani inayotaka kubingirika, mkia ulalie meza, na upande wa juu wa mkia peke yake ukwanguliwe. Upande wa chini ubaki na vanishi.

Mtoto akiilaza koili kama sahani ya bukari (ugali) ndipo akwangue, mota haitakwenda, hata kila kitu kingine kikiwa sawa. Sababu yake ni hii: sumaku iliyo chini huisukuma koili kwa nguvu zaidi wakati koili imesimama wima, na inapolala haina cha kusukuma. Umeme unatakiwa upite wakati wa kusukuma, ukatike wakati koili inapinduka. Usipokatika, nusu ya pili ya mzunguko sumaku inairudisha nyuma. Ndiyo maana aliyekwangua mikia yote miwili kote ataona koili inatikisika huku na huku, kama mtu anayesema hapana.

Betri ilale juu ya donge la udongo wa kichuguu uliolowanishwa, isibingirike. Kata pete pana ya tyubu ya baiskeli, uifunge betri kwa urefu wake, na chini ya pete hiyo chomeka pini moja kila ncha, kichwa cha pini kikigusa metali ya betri na tundu dogo la kona ya pini likiwa juu. Sumaku ikae juu ya betri katikati. Kwa kawaida inajishika yenyewe kwenye ganda la chuma. Mikia ya koili ipite kwenye matundu mawili ya pini. Kati ya koili na sumaku ibaki nafasi ya milimita 3 hadi 5. Mtoto aisukume koili kidogo kwa kidole. Isipokwenda, aisukume upande wa pili, maana mota hii ina upande wake.

Ikigoma: tazama kwanza vanishi (ndiyo sababu mara nyingi kuliko zote), kisha pini zilizolegea, kisha umbali wa sumaku, kisha betri. Koili isiyozunguka huku imeunganishwa hupata moto upesi, kwa kuwa waya wake hauzuii umeme karibu hata kidogo. Iondoeni ndani ya sekunde chache. Betri 6 zitumike zamu mbili, halafu badilisha zote 6. Betri zilizochoka humfanya mtoto atafute kosa ambalo halipo.

Ikishazunguka, yaya aulize, "Ukiigeuza sumaku itakuwaje?" Anyamaze.

Sumaku za meza hii zinatoka kwenye spika kuukuu, zile nyeusi za mviringo. Kuzing'oa ni kazi ya mtu mzima mwenye miwani, kwa patasi na nyundo, maana hupasuka na vipande huruka. Spika nzima ukiiweka chini ya koili haitasaidia sana. Chuma chake kimeufunga usumaku ndani. Vile visumaku vidogo vyenye nguvu vya ndani ya earfoni visionekane mezani: mtoto akimeza viwili, hukamatana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo.

Meza ya simu bila betri

Chukua spika mbili za ohm 8, zenye kipenyo cha sentimita 8 hadi 10, ambazo karatasi yake haijachanika. Ziunganishe kwa waya wa nyuzi mbili wa mita 15, bila betri yoyote. Mtoto mmoja aende nyuma ya ukuta. Anayesema aweke mdomo sentimita 2 kutoka kwenye spika na aseme kwa nguvu. Anayesikiliza abandike sikio na kuziba jingine. Sauti ni ndogo lakini ni ya mwenzake kabisa, na anaweza kumtambua nani anasema. Sauti inatikisa koili ndani ya sumaku, koili inazaa umeme, na umeme huo unatikisa koili ya pili. Simu ya Alexander Graham Bell, aliyopewa hataza mwaka 1876, ilitumia njia ya namna hii hii.

Kabla ya kumpa mtoto, gusisha betri kidogo kwenye ncha za upande mmoja: upande wa pili lazima usikike mlio, krak. Usiposikika, waya umekatika mahali. Na kama kwaya inafanya mazoezi asubuhi hiyo, peleka meza hii upande mwingine kabisa wa uwanja.

Muda ukibaki, wafungue redio mbovu ya betri kwa bisibisi, watafute koili na sumaku walizokwisha kuzijua. Iwe redio ya betri tu. Kitu chochote kinachochomekwa ukutani kisifunguliwe na watoto, na televisheni ya kizamani yenye kioo kinene isifunguliwe na mtu yeyote siku hiyo, kwa sababu inaweza kuhifadhi umeme mkali muda mrefu baada ya kuzimwa. Simu mbovu mtu mzima aitoe betri kwanza. Ndani ya betri nyingi za simu mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa nchini mwetu, nyingi upande wa Kolwezi. Waonyeshe betri hiyo kwa mbali. Ikitobolewa huwaka moto usiozimika kirahisi. Iliyovimba iwekwe kwenye kopo la mchanga mkavu, mbali na watu.

Kufunga

Hesabu sumaku na betri kabla mtoto hajaondoka. Koili kila mmoja aende nayo nyumbani, hata ile iliyokataa kuzunguka. Kipande cha msasa mpe pia. Betri zilizoisha zisitupwe kwenye moto wala shambani. Zikae kwenye ndoo yenye kifuniko mpaka upate anayezipokea. Futa maji ya limau kwenye misumari na vipande vya shaba siku hiyo hiyo, la sivyo kesho yake vitakuwa na kutu na havitashika umeme.

Jumamosi inayofuata waite tena sita kati ya wale 24, ukianza na wale ambao mota zao ziligoma muda mrefu. Hao ndio wanaojua kila kosa linavyoonekana. Wawe wasaidizi wa yaya wa meza ya mota, na mikono yao ikae mgongoni.